Nane-Sita Anaomba Kushuka

Mnara wa uwanja wa Wolimo, huko milimani Papua, una ngazi ishirini na mbili na kiti kimoja kinachozunguka, na asubuhi ile aliyekikalia alikuwa Darmawan. Kazi yake ilikuwa kuongea na marubani wa ndege ndogo, zile za mchele, saruji na wagonjwa, maana barabara huko hakuna. Kila ndege ilikuwa na kadi yake mezani: ikiwa angani kadi inakaa kushoto, ikitua inahamia kulia. Saa tatu na nusu kushoto palikuwa na kadi moja tu, ya Kapteni Meilani, na Meilani alikuwa ameshamaliza kuongea. Ndipo redio ikaita.

"Wolimo, Nane-Sita."

Mara moja tu. Sauti ya mwanamume asiye na haraka, mwenye kitu shavuni anachokitafuna.

"Nane-Sita, Wolimo, endelea," akaitika Darmawan, na mdomo ulikuwa umeshamaliza kusema kabla kichwa hakijafika. Akatazama mezani. Nane-Sita haikuwa na kadi. Nane-Sita iligonga mlima siku arobaini nyuma, na Kapteni Yustus ndani yake, na abiria watano.

Mama Selfina, aliyekuwa kwenye meza ya pili na redio kuukuu ya kuuliza hali ya hewa vijijini, aliweka kikombe chake chini polepole.

"Umeitika?"

"Ndiyo kazi yangu, Mama."

"Mtu huita mara mbili, mwanangu. Kinachoita mara moja kinaachwa kipite. Ina maana kwenu kisiwani Buton hamfundishwi?"

"Tunafundishwa. Ila mnarani hakuna sheria hiyo. Anayeita anaitikiwa."

"Haya. Umekiitikia, basi sasa ni mgeni wako."

Darmawan hakuogopa, na hilo ndilo la kuogopesha. Tangu ajali ile alikuwa amekufa ganzi kama fizi iliyochomwa sindano. Alikula, akalala, akamzika Yustus, akaisaini ripoti iliyosema kosa ni la hali ya hewa, na hakuna kitu ndani yake kilichotikisika. Watu walimwonea huruma wakidhani ni msiba wa rafiki. Waache wadhani. Ukweli aliujua yeye peke yake, kwa sababu Mama Selfina siku ile hakuwa zamu, na mashine ya kurekodi sauti pale mnarani ilikuwa mbovu tangu mwaka wa jana.

Ukweli ni huu. Siku ile Yustus aliomba kushuka bondeni, na ndege nyingine ilikuwa inatoka kwenye mwanya wa milima, kwa hiyo Darmawan akamwambia, "Subiri." Sawa kabisa, hapo hana kosa. Ndege ile ikatoka, mwanya ukawa wazi. Kisha simu ikalia, mkewe Hasna anampigia kutoka Baubau, kwao Buton, mtoto ana homa, ampe dawa ipi. Wakaongea dakika saba. Na Yustus, rubani mtiifu kuliko wote, mtu aliyeambiwa subiri na mnara, akasubiri. Alizunguka na kuzunguka mpaka wingu likaufunga mwanya.

Kesho yake, saa ile ile, redio ikaita tena. "Wolimo, Nane-Sita, naomba kushuka." Siku ya tatu ilikuja na harufu, popoo ya kutafuna na chokaa, kama Yustus alivyonuka siku zote, na ikakaa chumbani hata madirisha yalipofunguliwa. Darmawan akatazama tu taa ndogo ya redio ikiwaka na kuzima.

Mama Selfina ndiye aliyekwenda kumwita Ustadh Hasbulah, muuza supu ya vinyama vya mviringo sokoni, ambaye alikuwa na kisomo cha kufukuza mashetani. Mama ni mtu wa kanisani, lakini alisema jambo likishafika hapa mtu haulizi daktari kasomea wapi. Ustadh akapanda na maji na chumvi, akasoma akiwa ameiwekea redio mkono, akakisomea hata kiti. Alipomaliza jasho lilikuwa linamtoka.

"Kimetulia," akasema. "Lakini kilinijibu, Darmawan, na kilinijibu kwa sauti yako. Kilisema subiri. Ulimwambia nani asubiri?"

"Ustadh, mimi mchana kutwa nawaambia watu wasubiri."

Ustadh akakusanya maji na chumvi yake. "Basi hilo lililobaki ni lako. Mimi sina kisomo chake."

Siku tatu redio ikawa redio. Ya nne, Meilani alikuwa anarudi na watu wanane, mmoja wao mama mwenye uchungu wa kuzaa tangu jana yake, na mawingu yalikuwa yanauteremkia mwanya.

"Wolimo, Meilani hapa. Naomba kushuka, na tafadhali, huyu mama hali si nzuri."

Darmawan alinyoosha kidole kubonyeza kitufe. Kabla hajakigusa, sauti yake mwenyewe ikatoka kwenye spika, tulivu, ya mtu mwenye adabu zake kazini.

"Subiri."

"Nasubiri," akajibu Meilani.

Harufu ya popoo ikajaa. Darmawan akabonyeza. "Meilani, usisubiri, shuka sasa, mwanya uko wazi."

"Subiri," ikasema ile sauti, juu ya maneno yake.

"Kaka, nishuke au nisubiri? Amueni."

"Shuka."

"Subiri."

"Zote ni wewe," akasema Meilani, na sauti yake ikawa ndogo. "Nimfuate yupi?"

Mama Selfina alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Na hapo ganzi ikamtoka Darmawan, ikatoka kwa mara moja kama maji ya beseni, na chini yake palikuwa na hofu ya siku arobaini na saba ambayo hakuwa ameionja, akajua kwamba kile kitu kinaweza kuiga sauti yake na hesabu zake na adabu zake zote lakini kuna jambo moja la aibu ambalo hakitalisema kamwe, kwa hiyo akashika kitufe kwa mikono miwili na kusema mbele ya kila rubani aliyekuwa angani Papua asubuhi ile kwamba Yustus hakuuawa na hali ya hewa, Yustus aliniomba kushuka nikamwambia asubiri, kisha nikaongea na mke wangu dakika saba nikamsahau, nikaja nikasaini uongo, na mimi ndiye Darmawan, Meilani, huyu anayejivua nguo ndiye mimi, yule mwenye sauti nzuri si mimi, shuka mdogo wangu, shuka.

Spika ikakwaruza.

"Nashuka," akasema Meilani.

Darmawan akatoa pochi mfukoni. Kadi ya Nane-Sita ilikuwa humo, imekunjwa mara nne, kwa sababu hakuweza kuihamishia kulia wala kuitupa. Akaikunjua, akaiweka mezani kushoto.

"Nane-Sita, Wolimo," akasema, na sasa alikuwa analia. "Nisamehe kukuchelewesha. Shuka. Uwanja ni wako."

Meilani akagusa ardhi, akakimbia mpaka mwisho wa uwanja, wauguzi wakamfuata. Nyuma yake, kwenye lami iliyolowa, mistari mingine miwili ya magurudumu ikajichora yenyewe kwa utulivu kutoka mwanzo hadi katikati, ikakoma. "Nimetua," ikasema sauti yenye kitu shavuni. "Asante, ndugu yangu." Darmawan akaihamishia kadi kulia. Mama Selfina alipoteremka alikuta kwenye ngazi ya kwanza tone la mate mekundu ya popoo, bado la moto, na hakulifuta.

Yule mama alijifungua salama, mtoto wa kike. Darmawan alifukuzwa kazi, akahojiwa, akaachiwa, akapanda meli kurudi Baubau. Yustus hajaita tena.

Lakini aliyeondoka ni Yustus. Kile kilichokuja naye kilibaki, na sauti kiliyoipenda. Pale Wolimo, hadi leo, marubani wakikaribia mwanya husikia sauti tulivu ya Darmawan ikiwaambia wasubiri, na yeye hayupo. Mnarani wameliacha neno hilo, siku hizi wanasema "zunguka." Rubani mgeni hufundishwa kabla ya kitu kingine chochote: hapa ukiambiwa subiri, aliyekuambia si mtu.

Darmawan alijua hayo kwa barua ya Mama Selfina. Aliisoma barazani, mchana, mara mbili. Kisha ndani Hasna, aliyekuwa anakaanga samaki, akazima jiko na kusema bila kugeuka:

"Haya, baba Naila, nasubiri. Nisubiri nini?"

Darmawan hakuwa amefungua mdomo.