Mizinga ya Akina Skepling

Jina la Skepling hulisikii popote ila kwetu Harrowdale, na hata kwetu siku hizi hulisikii, unalisoma makaburini. Nyuma ya kanisa wamelala safu kwa safu, wazee kwa vichanga, hadi mgeni anaweza kudhani kijiji kizima kilikuwa ukoo mmoja. Ila vuka mto, fika mji wa pili, uliza kama wanamjua Skepling yeyote. Watakuomba ulirudie jina.

Asili yake tuliambiwa tungali watoto. Zamani, asubuhi moja ya mavuno, kichanga kilikutwa kwenye bustani ya matofaa, kimelazwa ndani ya mzinga wa mabua ya ngano, ule unaoitwa skep kwa lugha ya wazee wetu. Nyuki walikuwa wakitembea juu ya uso wake, kwenye midomo, kwenye kope, na hakuna hata mmoja aliyemuuma. Mama yake hakujulikana. Kasisi alimbatiza kwa jina la mahali alipokutwa, na mwenye bustani akamlea.

Tangu hapo, mizinga ya bustani ile ni mingi kadiri ya watu walio hai wenye jina hilo. Akizaliwa Skepling, kundi la nyuki linakuja lenyewe kutoka kusikojulikana na kuingia kwenye mzinga mtupu. Akifa, mwenye nyumba huchukua ufunguo wa mlango, hugonga mzinga wa marehemu mara tatu, huinama na kuwanong'oneza nyuki jina lote la aliyekufa. Kuwaambia nyuki habari za msiba ni desturi ya pande zetu zote, wala si ajabu. Tofauti ni kwamba kwa wengine nyuki huendelea kuishi. Kwa akina Skepling, mzinga ulioambiwa hunyamaza.

Annis alipoolewa na Jabez Skepling, ilikuwa imebaki mizinga miwili tu, wa Jabez na wa mama yake, Thirza. Siku ya harusi, watu wakiwa wanakula keki nje, wingu dogo la nyuki lilishuka juu ya vichwa vyao na kuingia mzinga wa tatu. Wanawake walipiga kelele. Bi Pashby, jirani yao asiyejua kunyamaza, alimgonga Annis kwa kiwiko.

"Haya bibi, umeshaandikishwa. Kurudi kwenu tena ndiyo basi!"

Walicheka, na Annis naye alicheka, maana alikuwa anampenda mwanamume yule kupita kiasi na hakuwa na wazo lolote la kurudi kwao.

Baridi ilipoingia, Annis akiwa na mimba, kazi za shamba zilikwisha. Jabez alikwenda bandari ya Hull, akapata nafasi kwenye meli ya uvuvi iliyokuwa ikielekea bahari ya Aislandi. Nyumba ilikuwa na funguo mbili. Mmoja alimwachia mama yake, wa pili akautia mfukoni.

"Wa nini huko?" Annis aliuliza. "Utawafungulia chewa mlango?"

"Nikirudi alfajiri sitaki kukuamsha. Nitafungua mwenyewe."

"Niamshe."

"Na tumbo hilo? Wewe lala, mke wangu."

Alimbusu paji la uso, akashuka njia ya mto akipiga mluzi. Annis alisimama mlangoni mpaka mluzi ukaisha.

Baada ya Krismasi hakuna aliyeiona tena meli ile. Wiki zilipita. Mwishoni wenye meli walitangaza kwamba imezama na watu wake wote, na Jumapili ya kabla ya Kwaresima kasisi alilitaja jina la Jabez kanisani, kati ya marehemu. Annis alilisikia kama jina la mtu mwingine. Hakulia. Aliangalia viatu vyake vilivyokuwa na theluji, akangoja ibada iishe.

Nje ya kanisa Bi Pashby aliwashika mikono yeye na Thirza. Safari hii hakuwa na utani.

"Mmeshawaambia nyuki?"

"Bado," Thirza alisema.

"Msiache jua likazama, Thirza. Unayajua."

Thirza aliyajua vizuri kuliko mtu yeyote. Shemeji yake alipokufa miaka mingi nyuma, waliona aibu ya kugonga mizinga mbele ya wageni wa mjini, wakaahirisha hadi kesho yake. Asubuhi walimkuta binti mdogo wa Thirza amekauka kwenye kitanda chake, hana homa, hana jeraha. Nyuki wasipoambiwa, wanatafuta wenyewe Skepling wa kumchukua. Na sasa ndani ya tumbo la Annis kulikuwa na Skepling mwingine, mdogo kuliko wote.

Walipofika nyumbani Thirza aliutoa ufunguo kwenye msumari, akamkabidhi Annis.

"Mke ndiye anayesema."

"Mama, hatujamwona. Hatujamzika."

"Bahari haimrudishi mtu ili umzike, mwanangu. Nenda."

Bustani ilikuwa nyeupe tupu na jua la alasiri halikuwa na joto. Annis alipiga magoti kwenye theluji mbele ya mzinga wa Jabez. Kabla ya kugonga, aliweka sikio.

Ndani kulikuwa na mlio. Mdogo, mzito, wa nyuki waliokumbatiana dhidi ya baridi. Aliweka kiganja kwenye mabua. Yalikuwa na joto.

"Mama! Wapo! Njoo usikie, wako hai!"

Thirza alikuja mbio kuliko umri wake. Aliinama, akasikiliza muda mrefu, na uso wake ukabadilika. Kwa kitambo kile wanawake wale wawili walitazamana na wote wakaamini jambo moja. Kisha Thirza akatazama tumbo la Annis. Akatazama jua.

"Nyuki hawajui mpaka waambiwe," alinong'ona.

"Na kama wao wanajua kuliko sisi?"

"Na kama hawajui? Nilimzika wangu, Annis. Mdogo hivi. Sitaki kukuona ukizika wako."

Ndipo Annis alipolia, kwa sauti, magoti yake yakiganda. Mtoto aligeuka tumboni. Jua lilikuwa limeanza kugusa paa la kanisa.

Aligonga. Mara tatu.

"Jabez Skepling amekufa," alisema.

Mlio ulikatika. Haukupungua polepole. Ulikatika, na kiganja chake juu ya mabua kikahisi joto likiondoka, kama jiwe la jikoni pale moto unapozimwa kwa maji.

"Umeona," Thirza alisema, akimwinua. "Alikuwa anangoja ruhusa tu. Sasa amepumzika."

Annis aliyashika maneno hayo, akayalalia miezi yote ya baridi. Masika ilipofika, habari zilikuja kutoka Hull kwamba kumbe mabaharia wachache waliokoka, na Jabez hayumo. Basi hata hilo lilikaa sawa. Mwezi wa tano alijifungua msichana, akampa jina la Hester, na siku hiyohiyo nyuki wakaingia mzinga mtupu chini ya mtofaa. Bi Pashby alikuja mbio kwa furaha, aproni yake ikiwa imejaa unga.

Ned Cuttle alikuja mwezi wa sita. Alikuwa mpishi wa meli, mtu mfupi mwenye fimbo, vidole vyake vya miguu vimeliwa na barafu. Waliketi naye jikoni, wakampa chai na mkate wa siagi, na Annis akiwa na mtoto kifuani akamwomba amweleze tu ukweli, hata kama ni mchungu.

"Si mchungu wa hivyo, dada," Ned alisema. "Jabez hakufa maji."

Kikombe cha Thirza kiligonga sahani yake.

"Meli ilikwama mchangani, usiku wa tufani. Tuliofika nchi kavu tulitembea, wengine wakaanguka njiani. Jabez alinibeba mimi. Kweli kabisa, alinibeba mgongoni. Tukafika kwenye nyumba ya mkulima. Wema wale watu! Ila theluji ilifunga njia zote, hakuna wa kupeleka habari popote. Jabez alikuwa mzima kuliko sisi sote. Anakula, anatania, anamfundisha bibi wa nyumba nyimbo za kwenu za ajabu."

"Kisha?" Annis aliuliza.

"Kisha ilikuwa Jumapili. Nakumbuka kwa sababu alikuwa anasema keshokutwa ni siku ya chapati za maji, kabla ya Kwaresima, na kwamba za kwako huwa unaziunguza upande mmoja."

Annis hakucheka.

"Jioni ikiwa inaanza, akanyamaza ghafla. Akaniuliza, 'Ned, nani anagonga?' Nikamwambia hakuna mtu. Akasema, 'Anagonga kwa ufunguo.' Akageuza kichwa hivi, kama mtu anayenong'onezwa habari. Akasikiliza. Nikaona macho yake yanajaa machozi."

Ned alishusha kikombe.

"Akasema, 'Aa. Basi, kama yeye ndiye anayesema.' Akalala chali. Nilidhani anasinzia. Nilipomgusa alikuwa wa baridi."

Mtoto aliendelea kunyonya.

"Kuna moja bado," Ned alisema, akipunguza sauti. "Tulipomwosha, kwenye mdomo wake palikuwa na nyuki. Katikati ya barafu ile. Bibi wa nyumba aliniuliza ni mdudu gani, hajawahi kumwona maishani. Nikamwambia sijui. Tukamzika na nguo zake, na ufunguo wake mfukoni, maana alikuwa haachani nao."

Ned alipokwisha kuondoka, wanawake wale walikaa mpaka moto ukafa. Annis alikuwa akivitazama viganja vyake.

"Mimi ndiye niliyekupa ufunguo," Thirza alisema hatimaye. "Nichukie mimi."

"Nilimsikia, mama. Alikuwa pale, nikamsikia, nikasema."

"Ulikuwa unamwokoa mtoto."

"Najua," Annis alisema, na kujua hakukumsaidia chochote.

Thirza hakuumaliza mwaka ule. Alipoona siku zake zimekaribia, alimwita mkwewe kitandani. "Mimi unitangaze ukishanigusa," alisema. "Ukishahakikisha nimepoa." Annis alifanya hivyo. Alimshika mkono nusu siku nzima kabla hajaugusa ufunguo.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuolewa tena. Kila asubuhi, mvua au theluji, alikwenda kwenye mzinga uliokufa, akaugonga mara tatu, akainama. "Nilikosea, Jabez," alikuwa akisema. "U hai. Rudi." Kisha aliweka sikio. Sisi watoto tulikuwa tukimchungulia kupitia ua, tukamwita mwendawazimu, na bado naona aibu. Kila vuli alikuwa akiusuka upya kwa mabua mapya ili usioze. Hakusikia chochote, siku hata moja.

Hester alikua, akaolewa na kijana wa ng'ambo ya mto, akawa Bi Boyes. Asubuhi ya harusi nyuki wake walitoka mzingani wote pamoja, wakapanda juu ya matofaa na hawakuonekana tena. Ukabaki mzinga mmoja wenye uhai na Skepling mmoja katika dunia nzima.

Annis alifariki mwezi wa pili, mchana, katika kitanda chake cha ndoa. Hester alimshika mkono mpaka ukapoa kabisa, kama alivyofundishwa. Alimfunika shuka, akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo kwa sababu ya mbwa wa jirani, akashuka bustanini. Theluji ilikuwa mpya, haijakanyagwa.

Aligonga mzinga wa mama yake. "Annis Skepling amekufa." Mlio ukakatika. Hapo lilikwisha jina.

Angeweza kurudi ndani. Lakini aliuona ule mzinga mwingine, na mabua mapya ambayo mikono ya mama yake iliyasuka vuli iliyopita, akaona si haki mtu yule asiambiwe. Akagonga mara tatu.

"Baba," alisema. Hakuwahi kulitamka neno hilo kwa mtu. "Mama amekufa. Nimemgusa mwenyewe. Safari hii ni kweli."

Kimya.

Kisha ndani ya mabua yale, yaliyokaa miaka yote bila hata nyuki mmoja, mlio ulianza. Mdogo, mzito. Hester aliweka kiganja. Joto. Alihesabu pumzi zake kwa hofu. Mlio ukapanda, ukapita kwenye mkono wake, ukapita karibu na shavu lake kuelekea nyumbani, wala hakuona kitu. Mzinga ukapoa.

Alirudi akikimbia. Kwenye theluji kulikuwa na nyayo zake peke yake. Alifika kizingitini, ufunguo wake mkononi.

Mlango ulikuwa wazi.

Kwenye sakafu ya mawe palikuwa na maji, hatua baada ya hatua, za miguu mikubwa isiyo na viatu, kutoka mlangoni hadi ubavuni mwa kitanda. Zilikwenda taratibu, kama za mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake. Hazikurudi. Shuka ilikuwa imefunuliwa usoni, na kwenye paji la uso la Annis palikuwa na tone moja la maji.

Hester aliligusa, akaonja kidole. Lilikuwa chumvi.

Ndipo alipogeuka na kuuona kwenye kitasa, upande wa nje, umeliwa na kutu hadi mwekundu, bado unadondosha maji: ufunguo wa pili.