Yago Lililozikwa Siku ya Tisa

Jua lilikuwa linazama upande wa Ngong, na Mildred alikuwa anafungasha makaa yaliyobaki kibandani kwake mtaani Silanga. Ilikuwa Agosti 1996. Miaka minne ilikuwa imepita tangu Mlima Kenya ummeze mumewe, na swali moja lilikuwa bado linamla: Oloo alikufa siku gani?

Oloo alikuwa mbeba mizigo wa wataalamu wa mawe. Akirudi nyumbani, hakuna aliyepumua kwa maneno yake. Ule mlima, alisema, zamani ulitapika moto. Kilele unachokiona ni koo lake, uji wa mawe ulioganda humo humo, ukabaki umesimama baada ya mlima wenyewe kuliwa na mvua na barafu. Na hiyo barafu inatembea! Polepole, lakini inatembea, na inachokimeza juu itakitema chini.

Kisha akatumbukia kwenye ufa wa barafu hiyo hiyo. Alitafutwa wee. Siku ya tisa wazee wa kwao wakataka wazike tunda la yago, lile refu na zito la mti wa mvungunya, badala ya mwili, kama ilivyo desturi mtu akipotea, ili roho itulie. Wakamuuliza Mildred. Akakubali. Waliokuwa wakimtafuta wakashuka mlimani, maana aliyezikwa hatafutwi.

Mildred aliingiza nyumbani jiko lake la makaa lililokuwa linawaka, akafunga mlango wa mabati.

Ti... ti... ti...

Maji yalikuwa yanadondoka nje, na mvua haikuwepo. Harufu ya jiwe lililolowa ikapenya. Baridi ikamshika miguu.

"Mama Celine."

Kila mtu anajua usiitikie sauti inayokuita mara moja tu jioni. Lakini huyu alikuwa mumewe, jamani.

"Baba Celine? Ni wewe?"

"Barafu imeniteremsha... imenifikisha ukingoni."

"Niambie ukweli tu," alinong'ona. "Ulikufa lini?"

Ti... ti...

"Ni mguu tu ulivunjika. Nililamba barafu. Niliita... Siku ya tisa nikasikia mchanga kifuani."

Mildred akajiziba mdomo.

"Mchanga mwingi, Mildred. Na mlikuwa mnaimba."

Hofu ikamtoka, akabaki na uchungu mtupu. Akafungua mlango. Hakuona mtu.

"Ingia uote moto, baba."

"Siwezi. Mlishanizika."

Basi akalitoa jiko likiwa jekundu, akaliweka nje ya kizingiti, akaketi kando yake akilia.

Jirani yake, Wagaki, alipita na ndoo ya maji, akasimama.

"Mama Celine, mbona unaota jiko na imezima?"

Mildred akatazama. Makaa yalikuwa yameganda barafu, na juu ya barafu kulikuwa na alama za viganja viwili vikubwa.

"Shh," alinong'ona. "Bado anatetemeka."