Shefu na Majivu ya Jiko

Zamani zile, wakati wa Wabelgiji, Kindu, mji wa Kongo ulio kando ya mto, iliamka kwa filimbi ya gari la moshi. Ikilia, wanawake wa kambi ya reli waliwasha moto, na moshi ukachanganyika na ukungu wa mto.

Ndaya alipenda saa hiyo. Alikuwa mgeni kutoka Kasai, hana mama wala dada karibu. Mume wake, Ilunga, alitia kuni katika gari la moshi, na safari zake zilikuwa ndefu. Aliyemliwaza Ndaya ni paka mdogo wa kijivu. Walimwita Shefu, yaani mkubwa, maana alitembea mkia juu kama mkubwa wa stesheni.

Lakini Shefu alikuwa na tabia moja mbaya: alijisaidia katika majivu ya jiko. Asubuhi moja Ilunga aliinama kupuliza moto wa kupikia ugali. Harufu ikampanda puani.

"Aa, Ndaya! Tutapika bukari juu ya mavi?"

Ndaya alimkamata paka, akamsugua pua katika majivu, akampiga kwa mwiko. Shefu akakimbilia chini ya kitanda.

"Ninaenda Kibombo," Ilunga akasema. "Nikirudi nikute mavi tena, Shefu naye atapanda gari. Nitamuacha porini."

Alipoondoka, Ndaya alikaa mlangoni akalia. Jirani yake, Mama Hawa, alikuwa akipepeta mchele. Mama Hawa hakukosa paka nyumbani tangu alipokuwa mtoto. Alimwona Ndaya, akaweka ungo chini, akamletea bakuli la wali wa moto.

"Kula kwanza, binti yangu. Machozi haiko mboga."

Ndaya alicheka kidogo. Akala, akaeleza yote.

"Ulimupiga?" Mama Hawa aliuliza.

"Nilimupiga, mama."

"Njo maana anajificha. Paka hajui unamupigia nini. Anajua tu kama wewe uko mukali."

"Na majivu je?"

"Paka anapenda kufukia uchafu wake. Hapa sakafu ni sementi, na mulango unafunga. Atachimba wapi? Mupatie pahali pake."

Walitafuta sanduku tupu la sabuni. Wakalijaza mchanga mkavu wa mtoni, wakaliweka pembeni, mbali na chakula na maji ya paka. Majivu yalipopoa, Ndaya aliyazoa, akafunika jiko kwa kikapu cha zamani.

"Akimaliza kula, mubebe polepole, umuweke katika mchanga," Mama Hawa alisema. "Akijisaidia humo, musifu. Akikosea, safisha tu, unyamaze. Kila siku toa uchafu, uufukie mbali na maji. Kisha nawa mikono kwa sabuni."

"Na nikiwa na mimba?"

"Hapo mwachie Ilunga kazi hiyo; uchafu wa paka unaweza kudhuru mtoto wa tumboni. Yeye si amezoea kuzoa majivu ya gari la moshi kwa koleo?"

Wakacheka mpaka kuku wakakimbia.

Mwanzoni Shefu aliruka nje ya sanduku. Ndaya hakuinua mwiko. Alimrudisha, akamkuna nyuma ya masikio. Jioni moja alisikia kucha zikikwaruza mchanga. Shefu alichimba, akajisaidia, akafukia vizuri, akatoka mkia juu.

"Asante, Shefu!" Ndaya akasema, akampa kichwa cha samaki.

Ilunga aliporudi, hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akainua kikapu, akanusa. Akanusa tena.

"Harufu ya moshi tu," alisema.

"Njo harufu ya jiko, baba," Ndaya akajibu.

Safari iliyofuata, Ilunga alipanda gari bila Shefu. Alirudi na samaki mdogo ndani ya jani. Ndaya alinyoosha mkono.

"Hapana, mama. Hii haiko yako. Ni ya mukubwa wa stesheni."

Tangu siku ile, filimbi ikilia, Shefu alitangulia mlangoni kungoja. Miaka mingi baadaye, Ndaya akiwa bibi mwenye mvi, kila aliposikia filimbi ya gari la moshi aliangalia mlango kwanza. Na mdomoni ilimrudia ladha ya wali ule wa moto.