Saa Iliyoachwa Mezani

Rupert alikuwa amelala chali sebuleni kwake, kisogo kimeegemea kona ya sefu ya chuma, macho yakitazama dari mpya ambayo ilikuwa bado haijapakwa rangi. Damu ilikuwa imeshakaukia kwenye zulia. Nje, mvua ya Februari ilikuwa ikiuchapa mtaa wa Mshangano tangu alfajiri. Majirani walijazana barazani, wengine kwa huzuni, wengine, tuseme ukweli, kwa hamu ya kuona ndani ya nyumba ya tajiri wa mawe kukoje.

Maana Rupert hakuwa tajiri wa mahindi wala wa kahawa. Tangu biashara iachiwe huru na mawe ya bluu yaonekane kwenye mito ya Tunduru, alikuwa na kambi yake huko, wazamiaji wake, na wanunuzi wake kutoka Bangkok. Sasa alikuwa hana hata wa kumfumba macho. Inspekta Kajetani alichuchumaa, akamfumba yeye.

"Sefu haijaguswa, afande," alisema Konstebo Leonce. "Mawe yote yamo. Ila hebu njoo uone kichekesho hiki."

Mezani palikuwa na visanduku viwili vya saa za kuzamia, vyote viko wazi. Kimoja kilikuwa kitupu. Cha pili kilikuwa na saa nzito ya Uswisi, inang'aa kama imetoka dukani jana. Stakabadhi zilikuwa chini ya vimito vya kulazia saa. Zote mbili zilikuwa saa za wenye nazo, lakini iliyoachwa ilikuwa na bei mara sita ya iliyochukuliwa.

Leonce alicheka. "Mwizi gani huyu? Anaacha ya milioni anabeba ya laki na ushee! Kweli mchagua nazi hupata koroma."

"Mwizi angebeba zote mbili," alisema Kajetani. "Huyu alichagua."

Aliishika ile saa kwa leso. Ilikuwa na pete ya nje yenye namba za dakika. Akaizungusha kwa ukucha. Ilikwenda upande wa kushoto, tik, tik, tik. Alipojaribu kulia, ikakataa kabisa. Akairudisha sandukuni bila kuelewa kitu.

Kilichomshika macho kilikuwa sinia ya chai. Vikombe viwili. Kimoja kimenywewa mpaka chini. Cha pili kimejaa, kimeshika utando wa maziwa.

Utando huo Kajetani aliujua vizuri mno. Tangu mkewe Hilda afariki, mwaka wa tatu huo, kila asubuhi nyumbani kwake Mjimwema mkono wake ulimimina chai vikombe viwili kabla akili haijaamka. Kila asubuhi alikimwaga cha pili uani, majirani wasimwone. Hakuwa amemwambia mtu. Ataanzaje, mtu mzima na cheo chake, kusema kwamba nyumba imemshinda kwa ukimya?

Lakini kikombe cha kwake hakikuwa na mnywaji. Hiki kilikuwa naye. Kiti kilikuwa kimesogezwa na matope ya miguu yalikuwa chini yake.

Alimwita Walburga, mpishi wa marehemu, ambaye ndiye aliyeikuta maiti asubuhi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mama. Chai hii uliiandaa wewe?"

"Mimi. Jana saa tisa. Aliniambia weka vikombe viwili, kuna mtu anakuja, kisha nenda nyumbani."

"Mtu huyo ulimwona?"

"Sikumwona, baba. Niliweka sinia nikaondoka."

"Mvua ilikuwa inanyesha?"

"Inanyesha? Baridi ile, hata mbwa alikuwa anatetemeka!"

"Sasa mtu atoke kwenye baridi hiyo, awekewe chai ya moto na maandazi, asiguse hata kidogo. Kwa nini?"

Walburga alifikiri, halafu akajishika kinywa. "Yesu wangu! Mfungo wa Waislamu! Mgeni alikuwa amefunga. Mimi nilitenga tu kama siku zote, si mgeni akija ni chai?"

"Ni chai," alikubali Kajetani. "Hukukosea. Na saa hizi mbili?"

"Ile kubwa alikuwa haigusishi hata maji ya kunawa. Ile ndogo, ya zamani, ndiyo ilikuwa inakwenda mtoni na wazamiaji. Ikarudi mwezi wa kumi, akaifungia ndani ya sefu. Sikuiona tena."

"Kulitokea nini mwezi wa kumi?"

Walburga alishusha sauti. "Mzamiaji mmoja, Kassimu, alifia majini. Mdogo wake, Azizi, ndiye alikuwa mshika saa. Walisema alisinzia. Eti mama yao hajamwita tena 'mwanangu' tangu siku ile ya mazishi. Amekuja getini hapa mara mbili, analia kama mtoto: nipe ile saa nikamwonyeshe mama. Bosi akamfukuza."

"Anaishi wapi?"

"Hapa hapa mjini. Wapi, sijui."

Leonce alitaka kwenda kupekua nyumba za kulala wageni. Kajetani akamzuia, kwa kuwa aliyefunga hutafutwa penye futari, akaenda sokoni kwa Mzee Chande, mtunza msikiti wa pale, wakasalimiana na kuulizana habari za mfungo.

"Mzee wangu, wakati wa kufuturu hapa, wote mnakaa pamoja?"

"Sinia moja, mikono kumi. Futari ya peke yako haina ladha."

"Hakuna anayejitenga?"

Mzee Chande alikuna ndevu. "Yupo kijana mmoja wa Tunduru, anabeba magunia hapa sokoni. Nimemwita nimechoka. Anachukua tende zake tatu, anakwenda kukaa nyuma, chini ya upenu. Wallahi, ananitia huruma."

Magharibi ilipokaribia, Kajetani alizunguka nyuma ya msikiti. Kijana alikuwa ameketi juu ya tofali, tende kiganjani, akisubiri adhana. Inspekta alivuta tofali jingine, akakaa. Adhana ilipotoka, kijana alimtazama.

"Futuru kwanza," alisema Kajetani.

Azizi alikula tende, akanywa maji. Kisha akamsukumia inspekta tende ya tatu, kwa sababu mtu hawezi kula mbele ya mwenzake bila kumkaribisha, awe polisi, awe nani. Kajetani akaipokea, akaila.

"Unajua nilichofuata."

"Najua, afande. Amekufa?"

"Amekufa."

Azizi alifunika uso. "Inna lillahi. Nilimwita, hakuitika."

"Mbona hukukimbia?"

"Nikimbilie wapi? Barabara ya Tunduru imekatika kwa mvua. Nilikuwa nampelekea mama kitu."

Alifungua fundo la shuka, akatoa saa.

Kituoni Kajetani alimwonya kama sheria inavyotaka, kwamba hakulazimika kusema lolote, na kwamba atakalosema laweza kutolewa mahakamani. Azizi akasema atasema. Leonce akashika kalamu.

"Kazi ya mshika saa ni nini?"

"Mzamiaji anashuka na mpira wa hewa mdomoni. Hewa inatoka kwenye kompresa juu. Mafuta ya kompresa yanatosha dakika arobaini na tano. Anaposhuka, mimi nazungusha pete ya saa, alama yake ikae palipo mshale wa dakika. Mshale ukifika arobaini ya pete, navuta kamba mara tatu, anapanda."

"Na siku ile?"

"Nilikuwa nalegeza kamba. Kamba ikakwaruza saa mkononi. Sikujali. Nikatazama, nikaona dakika thelathini. Nikamwambia Mungu asante, kaka bado ana muda. Kompresa ikazima palepale."

Hata Leonce aliacha kuandika.

"Sikulala, afande. Macho yalikuwa wazi. Pete ndiyo iliyosogea."

Kajetani aliichukua ile saa ya bei ndogo, akagusa pete. Ikaenda kushoto. Ikaenda na kulia, laini, bila kinyongo. Hapo ndipo alipoikumbuka ile kubwa ilivyokataa. Ya milioni pete yake ilikwenda upande mmoja tu. Ikisogea kwa bahati mbaya, inamtoa mtu majini mapema. Hii ya zamani ilikwenda kokote, na siku ile ilimwibia Kassimu dakika kumi na tano.

"Rupert alijua?"

"Alijua kabla hatujazika. Nilimwona anaizungusha, huku na huku. Akaitia mfukoni, akawaambia watu nilisinzia. Wazamiaji wangejua, nani angeshuka tena kwake?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Rupert alikuwa amefungia ugonjwa wake ndani ya sefu.

"Jana?"

"Aliniita mwenyewe. Akaweka zote mbili mezani. Akasema, Azizi, chukua hii kubwa, uza, ununue hata shamba, usinisumbue tena. Nikasema nataka ile ndogo. Akasema una wazimu, hii ni mara sita ya ile! Nikasema bosi, ile kubwa itamwambia nini mama yangu? Nikaichukua ndogo. Akanikaba shati. Nikamsukuma, akaanguka juu ya ile sefu. Kumsukuma nilimsukuma. Kumuua sikutaka."

Kajetani alisaini maelezo, akaitia saa kwenye bahasha ya vielelezo. Azizi aliifuata kwa macho.

"Sasa mama hataiona."

"Haiwezi kutoka hapa. Lakini yeye anaweza kuja."

"Hatakuja, afande. Miezi minne hajanijibu hata salamu."

Inspekta alipeleka ujumbe Tunduru kwa redio ya polisi hata hivyo. Jioni iliyofuata alipika uji wa mchele wa kufuturia kwake Mjimwema, akaumimina vikombe viwili, akavibeba mpaka mahabusu. Walikunywa wakiwa na nondo katikati yao. Akafanya hivyo tena siku ya pili. Vikombe vyote viwili vilirudi nyumbani vitupu.

Siku ya tatu mchana, lori la korosho lilimshusha Bi Mwamvua, mama yake Azizi, mbele ya kituo, matope hadi magotini. Lilikuwa limekwama mara nne. Hakukaa alipopewa kiti.

"Iko wapi hiyo saa?"

Azizi aliletwa. Mama hakumtazama. Kajetani alifungua bahasha, akaweka saa mbele yake. Akaizungusha pete kushoto, kisha kulia. Akamweleza taratibu yote, ya kamba, ya mafuta, ya dakika kumi na tano.

Bi Mwamvua alinyoosha kidole. Akaisukuma pete mwenyewe. Ikaenda. Akairudisha. Ikarudi. Alifanya hivyo mara nyingi, machozi yakimdondokea mkononi, mpaka Leonce akageukia dirishani.

Ndipo akainua uso, akamtazama mwanawe kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Aliyaona mashavu yaliyobonyea na shati lililochanika kola.

"Jana ulifuturu na nani, mwanangu?"

Azizi aliinua mkono. Akamwonyesha Inspekta Kajetani.

"Na huyu, mama."