Maji Yaliyobaki Tumboni

Kila asubuhi kabla ya shule, na tena jioni, mama na binti yake walikuwa na kazi moja isiyoahirishwa. Walifunga mlango na dirisha, wakavaa barakoa, wakanawa mikono kwa sabuni, kisha mama akatundika mfuko wa maji ya dawa kwenye msumari juu ya kitanda. Figo za binti zilikuwa zimeacha kufanya kazi. Maji hayo yaliingia tumboni kwa mrija mwembamba, yakakaa humo saa kadhaa yakivuta uchafu wa damu, kisha yakatolewa ili mapya yaingie. Yale ya zamani yalishuka kwenye mfuko mtupu uliolazwa sakafuni.

Mama alikuwa fundi cherehani, na macho yake yalizoea kuona hata doa dogo. Mfuko wa chini ukijaa, aliuweka juu ya kipande cha kitambaa cha maua. Maua yakionekana vizuri, maji ni safi. Yakionekana kwa ukungu, ni kukimbilia hospitali bila kuchelewa. Alitazama usafi wa maji, si wingi wake.

Binti mwenyewe aliitwa Chuma, kwa sababu alidungwa sindano nyingi hospitalini bila kutoa chozi. Jina lilimpendeza, na ndilo lililomponza.

Siku za karibuni, maji ya zamani yalipokaribia kuisha, kitu kilimvuta kwa ndani chini ya kitovu hadi akauma meno. Aliogopa kusema. Akisema, alidhani, atarudishwa kwenye mashine ya kusafisha damu hospitalini, ambako kila safari ilikula siku nzima ya masomo yake na ya kazi ya mama. Basi mama alipotoka kwenda barazani kumsikiliza mteja, Chuma alifunga kibano cha mrija mapema. Maumivu yakakoma papo hapo.

"Yametoka yote?" mama aliuliza aliporudi.

"Yote, Mama."

Uongo wa kwanza ulimwia vigumu. Uliofuata ulipita bila shida, na kila mara maji mapya yaliingia juu ya yale yaliyobaki.

Siku moja sketi ya shule ikagoma kufungwa kifungo. Mama akampima kiuno kwa futi yake ya kitambaa, na uso ukamng'aa.

"Afadhali, mwanangu. Umeanza kunawiri," alisema. Akaketi na wembe wake, akaanza kufumua mshono huku akiimba kwa sauti ya chini.

Chuma alikuwa hajamsikia mama yake akiimba tangu alipougua. Alisimama pale akihema kama aliyepanda ngazi, na kuivunja furaha ile kulimuuma kuliko tumbo lenyewe.

"Mama, usifumue," alisema. "Sijanenepa. Ni maji. Huwa nafunga kibano kabla hayajaisha."

Wembe ukatulia. "Kwa nini?"

"Yanauma mwishoni."

"Na hukuniambia?"

"Si mnaniita Chuma?"

Mama hakugomba. Alichukua simu, akampigia muuguzi wao wa kliniki, naye akawaambia waende saa ile ile.

Kliniki, muuguzi alimlaza Chuma kwa kuegemea mito, akayatoa maji polepole. Yalitoka mengi mpaka mama akageuza uso. Pumzi za Chuma zikarudi.

"Choo unapata vizuri?" muuguzi aliuliza.

Chuma aliangalia ukuta. "Kigumu. Siku nyingine sipati."

"Basi adui zetu ni wawili. Utumbo ukijaa, unaubana mrija. Na mfuko ukilazwa chini kabisa, unavuta kwa nguvu. Nitakupa dawa ya kulainisha choo, na mfuko mtauweka juu ya kigoda. Maumivu yakija, geuka ubavu, pumua taratibu, umwambie mama. Yakizidi, au ukipata homa, mnakuja."

"Hamnirudishi kwenye mashine?"

"Kwa hili, hapana. Lakini ungeendelea kuficha, maji yangekuelemea hadi mapafu, na hapo nisingekuwa na la kuchagua. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Umesema kabla ya hapo, Chuma. Nakushukuru."

Jioni ile nyumbani maji yalishuka taratibu kwenye mfuko ulio juu ya kigoda. Karibu na mwisho mvuto ukaja, mdogo kuliko zamani, lakini ulikuja. Chuma aliona aibu, kisha akasema.

"Inauma."

Barazani mteja alipiga hodi. Mama akamwomba asubiri, akabaki kitandani na mkono wa binti yake ndani ya wake.

"Samahani, Mama. Nimeshindwa kuwa chuma."

"Mimi huvalisha watu," mama alisema. "Mteja akiniambia, 'Fundi, hapa panabana,' sijawahi kumwona mnyonge. Huyo ndiye ninayeweza kumtengenezea. Anayenyamaza huondoka na nguo inayomuumiza, na mimi nabaki najisifu kuwa nimeshona vizuri. Usinifanye fundi wa namna hiyo kwako."

Chuma alilia, kwa mara ya kwanza mbele yake, na mama akamwacha alie mpaka maji yakaisha yote.