Aliyeitika kwa Jina la Agapiti

Jioni ile nilikuwa natoka kusaga. Debe la unga kichwani, mgongo unauma, jua limeshaegemea upande wa Biharamulo. Nikamkuta mjukuu wangu Vaileth ameketi mlangoni kwangu, miguu ameinyosha kama mgonjwa anayesubiri zahanati ifunguliwe. Mimba yake ilikuwa kubwa. Yeye mwenyewe alikuwa amebaki macho na mifupa.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Bibi, nenda ukamwite."

"Nimekuuliza kama umekula."

"Usipoenda wewe, nitaenda mimi. Na nikienda sirudi."

Hakulia. Angelia ningemfukuza akalale. Mtu anayelia bado anategemea kitu. Huyu alisema kama anayesema kesho atakwenda kisimani.

Agapiti, mumewe, alikuwa amefukiwa machimboni. Duara, shimo lile la dhahabu, liliporomoka wakiwa chini, yeye na mwenzake mmoja. Wachimbaji walitoa kifusi mpaka maji yakaanza kuingia, wakaogopa, wakaacha. Mdomo wa shimo ukafunikwa kwa magogo. Padre akasoma misa ya marehemu bila marehemu. Watu wakala wali, wakaondoka.

Kwetu mtu aliyefia mahali pasipotoa mwili haachwi hivyo. Mzee wa ukoo huenda pale alipofia, jua likizama, akamwita kwa jina. Huokota jiwe, akalifunga kwenye nguo ya marehemu, akalileta nyumbani bila kusema neno na bila kugeuka nyuma. Jiwe huzikwa kama mtu. Hapo roho inajua kwao ni wapi, inatulia.

Ndugu za Agapiti wako Ushetu na tumbaku yao, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Vaileth asingeweza. Mwanamke hasogelei mdomo wa duara, wachimbaji wanasema dhahabu inakimbia, na mwenye mimba ndiyo kabisa, watamtoa kwa mawe. Lakini kizee kama mimi, ambaye mwezi ulishamuaga, hao hawamwoni kuwa mwanamke. Wananiona kisiki.

Nikatua debe. Nikachukua shati la Agapiti, nikaenda.

Pale machimboni mlinzi alikuwa Bartholomeo, mchimbaji aliyevunjika mguu, amekaa chini ya turubai anapuliza makaa.

"Bibi Anisia, jua linazama. Huku si pa kutembea saa hizi."

"Mngemtoa mkwe wangu nisingetembea."

Akaliona shati mkononi mwangu. "Na mwenzake Maduhu je? Umemletea nguo?"

"Maduhu ana kwao."

"Hana, Bibi. Wengine wanasema katoka Meatu, wengine Kishapu. Hakuna anayejua. Hata begi lake watu wameshagawana."

"Nimekuja na shati moja," nikamwambia, nikampita.

Magogo yalikuwa yamepangwa vibaya, yana mianya. Harufu ikanipokea. Udongo wa chini kabisa, ule ambao haujawahi kuona jua, umechanganyika na baruti. Nikapiga magoti.

"Agapiti."

Kimya.

"Agapiti, mume wa Vaileth. Twende nyumbani."

Kitu kikasogea huko chini. Jiwe likaanguka kwenye maji... kisha kama kukokotana, kama watu wawili wanaogombea ngazi moja. Halafu kimya tena.

"Agapiti."

"Naam."

Nimezika wazazi, waume na watoto. Sijawahi kusikia maiti anaitika. Hawaitiki. Hilo hata mtoto anajua. Unaita wewe, unaokota jiwe, unaondoka.

Nikaokota jiwe, nikalifunga kwenye shati, nikaondoka.

Njiani lilikuwa zito kuliko ukubwa wake. Nyuma yangu kukawa na hatua. Hatua zenye maji, kama za mtu aliyevaa buti lililojaa. Nikikaza mwendo, zinakaza. Nikisimama, zinasimama. Sikugeuka. Tulipofika kwenye shamba la pamba, sauti ikaja karibu na sikio langu, ya upole, ya adabu.

"Shikamoo, Bibi."

Nikajua si yeye.

Kwa sababu Agapiti hakuwahi kuniamkia hata siku moja. Mjukuu na bibi yake ni watani, na yeye alioa utani huo pamoja na mke. Akinikuta njiani aliniita mke mkubwa, akaniuliza nimemwekea nyama ipi. Aliyekuwa akiniamkia ni yule rafiki yake, kijana mrefu, mkimya, aliyekuja naye nyumbani Jumapili akakaa karibu na mlango akitazama miguu yake.

Maduhu.

Kusema siruhusiwi. Kugeuka siruhusiwi. Na kama ningelitupa jiwe pale, ningerudi na nini? Nikaendelea kutembea, na kile kitu kikaendelea kunifuata.

Vaileth alinipokea uani. Alilichukua lile furushi, akalipakata kifuani.

"Tulizike sasa hivi," nikasema.

"Kesho, Bibi."

"Vaileth."

"Kesho." Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea. "Kuna ugali?"

Akala. Alikula mpaka akakomba sufuria kwa vidole. Na mimi nikanyamaza. Mtu aliyekuwa anajiua kwa njaa, ukimwona anakula humuulizi anakula na nani.

Kesho ikawa keshokutwa. Jiwe halikuzikwa. Kila jua lilipozama, mbwa wa jirani waliacha kubweka, wote kwa pamoja, kama waliozibwa midomo. Harufu ile ikaingia uani. Vaileth alipika, akapakua sahani mbili, akaenda kukaa jikoni na kufunga mlango. Nilimsikia akiongea chini chini. Asubuhi nilikuta tope la njano sakafuni, na ugali kwenye sahani ya pili haujaguswa, lakini umechacha kama wa wiki nzima.

Nikajiambia yatapita. Watu husema hivyo wanapoogopa kufungua mlango.

Siku moja nilimkuta amelala mchana. Midomo ilikuwa imemkauka, na shavu ukilibonyeza linabaki na shimo.

"Mtoto ametulia, Bibi," akaniambia, anatabasamu. "Zamani alikuwa ananipiga mateke usiku kucha. Sasa ametulia."

Nikaweka mkono tumboni. Lilikuwa baridi. Baridi kama mtungi uliokaa kivulini. Nikangoja. Nikabonyeza. Nikangoja tena...

Hakuna kitu.

Jioni hiyo nilimfungia Vaileth chumbani, nikaenda jikoni mwenyewe kumsubiri mgeni.

Sikumwona akiingia. Nilipoinua macho alikuwa ameketi. Ukingoni mwa kigoda, karibu na mlango, magoti pamoja. Tope lilikuwa limemkaukia usoni mpaka hana sura. Agapiti angekuwa ameshafunua sufuria.

"Maduhu," nikanong'ona.

Kichwa kikainama. Tope likapasuka shingoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Sikukuitikia njiani na leo siitikii. Nani alikuita wewe?"

"Hakuna." Sauti yake ilitoka na maji. "Ndiyo maana nikaja."

"Agapiti yuko wapi?"

"Chini. Alikusikia. Alianza kupanda... Nikamshika mguu."

"Ukamshika mguu."

"Nilitaka kumwona mkewe mara moja tu. Nilipoumwa malaria aliniletea uji, akaninywesha. Tangu nitoke kwetu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama nimekula. Sikumwambia. Sikumgusa. Agapiti alikuwa rafiki yangu."

"Rafiki yako umemwacha kwenye tope, umekuja kumla mkewe na mtoto."

Akanyanyua uso. Hapo nikayaona macho, mahali pekee pasipokuwa na tope. Yalikuwa macho ya mtu anayepewa habari ya msiba sasa hivi.

"Mtoto?"

"Hachezi tena. Tumbo limekuwa baridi. Kila jioni unayokaa hapa, unakunywa joto lao."

"Sikujua." Aliitazama mikono yake kama ni ya mtu mwingine. "Kule chini ni baridi, Bibi. Niliona penye joto, nikasogea."

Mlango ukasukumwa. Vaileth alikuwa amevunja komeo, sijui kwa nguvu ipi. Furushi lilikuwa kifuani mwake.

"Mwache, Bibi."

"Huyu si mumeo."

"Najua."

Nikakosa neno. Mimi, ambaye wanangu wanasema nitajibizana hata na jeneza langu.

"Nilijua jioni ya kwanza," akasema. "Mume wangu angenitania hili tumbo. Huyu aliketi akanitazama kama anaogopa kunivunja. Lakini wewe uliita, Bibi, na mimi nikasubiri, na aliyekuja ni huyu. Hakuja mwingine. Unataka nimfukuze nibaki na nani?"

"Ubaki na mtoto wako."

"Mtoto wa mtu aliyekufa."

Nikamrukia. Sioni aibu kusema. Nililishika lile furushi, naye akalishika, tukakokotana pale jikoni, kizee na mjamzito, tukamwaga maji, tukapindua kigoda. Alining'ata mkono. Alikuwa ameshakonda lakini vidole vilikuwa kama waya.

Kisha baridi ikapita katikati yetu.

Maduhu alikuwa amesimama. Alichuchumaa mbele ya Vaileth, akaanza kumfungua vidole, kimoja kimoja, taratibu.

"Nipe, shemeji."

Ndilo neno lililomlegeza. Shemeji. Mke wa rafiki yangu, si mke wangu. Vaileth akaachia, akafunika uso.

Maduhu akalipakata jiwe. Mlangoni akasimama.

"Nikirudi, Bibi... mimi nani ataniita?"

"Mimi."

"Kwa jina langu?"

"Kwa jina lako. Nenda."

Nilisema haraka, kama unavyomwahidi mtoto pipi ili anyamaze. Akaenda. Vaileth alitambaa mpaka ukingo wa ua akimfuata, nami nimemshika nguo, akinitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Hatua zile zenye maji zikapungua kwenye njia ya machimbo. Halafu mbwa wakaanza kubweka.

Asubuhi Bartholomeo akaja akichechemea.

"Bibi, magogo yamesukumwa. Kutoka ndani."

Agapiti alikuwa amelala mdomoni mwa duara, chali, mikono imekunjwa kifuani. Uso wake ulikuwa safi. Mwili mzima tope, uso safi, kama kuna mtu aliyeupangusa kwa shati. Shati lenyewe lilikuwa limekunjwa chini ya kichwa chake. Tulipomwosha niliona alama ya vidole kwenye kifundo cha mguu, imezama kwenye nyama. Na chini ya makwapa kulikuwa na alama nyingine, mbili, za vidole vile vile. Za mtu aliyekuwa chini yake, akimsukuma juu.

"Maji yalipanda yakamwinua," Bartholomeo akasema. "Maji yana nguvu."

"Maji hayamfuti mtu uso."

Tukamzika Agapiti kwa mwili wake, na padre safari hii alikuwa na kitu cha kunyunyizia maji ya baraka.

Usiku wa mazishi Vaileth aliuchukua mkono wangu, akauweka tumboni. Joto. Kisha teke, dogo, la hasira. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Vaileth hakutabasamu.

"Utakwenda lini?" akaniuliza.

"Wapi?"

"Ulimwahidi."

Nilitaka kumwambia wafu hawadai. Lakini nilimtazama usoni nikajua nisipokwenda mimi, njia ataikanyaga yeye. Nikatoa khanga yangu mpya sandukuni. Nguo ya Maduhu haikuwepo duniani.

Bartholomeo hakuwepo chini ya turubai. Tangu magogo yasukumwe, watu wote walikuwa wamehama. Jua lilikuwa limebaki kamstari kekundu. Nikapiga magoti pale pale.

"Maduhu."

Upepo ukakata.

"Maduhu, wa Meatu au wa Kishapu, sijui. Twende nyumbani."

"Naam," ikatoka chini, kwa sauti niliyoijua.

Nikanyoosha mkono kuchukua jiwe.

"Naam."

Hii haikutoka kwenye duara letu. Ilitoka kwenye shimo la zamani upande wa kushoto, lile lililoota vichaka. Nikageuza shingo.

"Naam." Shimo la nyuma yake.

"Naam..." Mbali, kule kwenye malundo ya mchanga wa zamani. Nyingine ya mzee. Nyingine ya kijana ambaye sauti haijavunjika sawasawa. Mashimo ambayo hata wachimbaji wamesahau nani aliyachimba. Zilikuwa zinapokezana, mpaka mlima wote ukawa unaitika kwa jina moja. Na katikati yake moja ikasema "Abee." Mwanamke. Na wachimbaji ndio wanaosema mwanamke hasogelei duara.

Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie.

"Nimekuja kumchukua mmoja. Nyumba yangu ni ndogo."

Nikaokota jiwe moja. Nikalifunga. Nikashika njia.

Sikugeuka. Nilipita shamba la pamba, nikapita msalaba wa kigango, midomo nimeifunga, khanga nimeibana kwapani. Jiwe lilikuwa jepesi. Lakini njia nyuma yangu ilikuwa inatoa sauti kama ng'ombe wanaotoka kunyweshwa, kwato baada ya kwato, tope baada ya tope.

Vaileth alikuwa ameinama jikoni, mlango wazi, maji ya ugali yanaanza kuchemka. Aliinua uso kunipokea. Macho yake yakanipita. Yakaenda nyuma ya bega langu, yakahama kidogo, yakahama tena, taratibu, kama mtu anayetazama watu wakiingia kanisani, mpaka yakafika kwenye ua, na kuvuka ua.

Akachukua ndoo, akaongeza maji kwenye sufuria.