Umepona au Hujapona?

Wengine hupotewa na moyo sokoni. Wening alipotewa na kiuno.

Ilikuwa Ijumaa, saa mbili asubuhi, soko la Pasar Gede limefurika watu, nusu ya wanawake wa mji wa Solo wakigombea pilipili. Wening aliinama kuinua kikapu cha asumini, maua ya kumsukia bibi harusi wa siku ile, na hakuinuka. Kitu kilifyatuka chini kidogo ya mkanda wa sketi. Kisha kama umeme ukashuka pajani, ukapita nyuma ya goti, ukaishia kwenye kidole gumba cha mguu. Akabaki hivyo hivyo, mikono magotini, pua juu ya maua.

Watu wakampita. Mwuza tofu akamwambia asogee, anaziba njia. Ndipo mwanamume mmoja mwenye sare ya reli, suruali yake ya buluu imepigwa pasi mpaka imekuwa kama ubao, akapiga magoti kando yake na kuanza kupapasa chini ya meza.

"Hereni au pete?" akauliza.

"Nini?"

"Ulichopoteza. Kama ni pete tufanye haraka. Paka wa soko hili wanameza chochote."

"Sijapoteza kitu, Mas." Kwetu Mas ni kaka, awe wa kuzaliwa, wa njiani au wa moyoni.

"Sasa unatazama nini huko chini?"

"Natazama asumini kwa sababu siwezi kutazama kitu kingine. Nimekwama!"

Akainua uso. Wakatazamana, mmoja amepiga magoti, mwingine amepinda kama ndoana, na Wening akaangua kicheko. Kicheko kikamchoma mgongo hadi akamdaka yule kijana begani.

"Usicheke tena," kijana akasema. "Lakini bega usiliachie. Naitwa Danang."

Alimpandisha kwenye bajaji ya baiskeli, akamwelekeza mwendeshaji akwepe mashimo, kisha yeye mwenyewe akakipeleka kikapu kwa bibi harusi. Alichelewa treni yake kwa dakika nne. Danang alikuwa mkagua tiketi wa njia ya Surabaya, na katika miaka sita hakuwahi kuchelewa hata dakika moja.

Wening alikuwa mpambaji wa maharusi. Kazi yake ni kumwinamia mwenzake saa nne nzima, akimchora paji la uso kwa wanja mweusi, mkono usitetemeke. Miaka tisa ya kuinama. Daktari alitundika picha ya MRI mbele ya taa, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Diski kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno ilikuwa imechomoza, na pale ilipochomoza ilikuwa imeukalia mshipa wa fahamu unaoteremka mguuni.

"Itapona kabisa?" Wening akauliza.

"Maumivu yanaweza kwisha kabisa. Kwa watu wengi hupungua sana katika wiki chache, bila kisu."

"Na diski?"

"Hiyo sehemu iliyochomoza mara nyingi hunywea yenyewe. Lakini diski hairudi kuwa mpya. Na inaweza kuchomoza tena."

"Kwa hiyo nitapona au sitapona?"

"Ndiyo," daktari akasema, akaandika dawa, akamwonya arudi mbio siku mguu ukilegea au haja ndogo ikimtoka bila kujua.

Wening alitoka na ile "ndiyo" mkononi kama mtu aliyepewa ufunguo bila kuambiwa ni wa mlango upi. Akaenda kwa Mbah Giyem, bibi mkandaji wa mtaani, mwenye vidole vigumu kama mihogo mikavu. Mbah Giyem hakutaka kuona picha. Alimchua wiki tatu, taratibu, kwa mafuta ya nazi yenye tangawizi, na siku ya mwisho akampiga kofi la mgongo. "Umepona kabisa. Nenda ukaolewe."

Na kweli. Wiki ya nane Wening alitembea kutoka sokoni hadi nyumbani kwa miguu yake, na alipofika mlangoni ndipo akagundua kwamba hakuwa ameukumbuka mgongo njia nzima. Akampigia Danang hapo hapo.

"Mas! Nimepona!"

"Nani mwenzangu?"

"Usijifanye hunijui. Nimepona, nakwambia. Kabisa!"

"Subiri, treni inapiga honi. Sema tena."

"Ni-me-po-na!"

"Abiria wote wa behewa la tatu wamesikia, Dik. Wanakupongeza. Mama mmoja ananipa ndizi."

Alimwita Dik, mdogo wangu, kwa sauti iliyoshuka mwishoni kama mtu anayeketi. Kwa miezi miwili walikuwa wamependana hivyo, katikati ya stesheni na stesheni. Mtandao ukikatika, Wening hubaki ameshika simu, akitabasamu ukutani. Jioni ile Danang alimpelekea mama yake habari: mchumba amepona, kabisa.

Mama yake Danang, Bu Suharsih, kwani Bu kwetu ni mama, aliuliza mara mbili. "Kabisa? Una hakika?" Hakuwa mwanamke mbaya. Mumewe alipooza, akamgeuza kitandani kwa mikono yake asubuhi, mchana na usiku, miaka tisa, mpaka alipomzika. Neno "kabisa" kwake halikuwa neno la mzaha.

Siku mbili kabla ya Idi, Wening alipiga chafya. Chafya moja tu, akipepeta mchele. Umeme ukashuka tena, njia ile ile, mpaka kidole gumba.

Hakumwambia mtu. Angeanzaje? Alijipapasa kiuno kama mtu anayetafuta ufa kwenye chungu. Amepona. Hajapona. Wiki iliyopita alikuwa ameinua ndoo! Labda ni uchovu wa saumu tu. Labda kesho kutwa maumivu yatakuwa yameondoka.

Idi ikafika. Wazazi wake walikuwa wamehamia Kalimantan, ng'ambo ya bahari, akawaomba radhi kwa simu, amesimama wima dirishani. Kisha akavaa blauzi ya kebaya ya kijani kibichi yenye vifungo vya lulu, akajifunga kitenge cha batiki kiunoni, akakikaza kuliko kawaida. Danang alipomwona mlangoni alisahau hata kuitikia salamu.

"Mas, funga mdomo, nzi ataingia."

"Acha aingie. Naye ni Idi."

Sebuleni kwa Bu Suharsih jamaa wote walikuwa wamejipanga. Mama amekaa kwenye kiti kifupi, mikono mapajani. Mmoja baada ya mwingine walimwendea, wakapiga magoti, wakainamisha kichwa mpaka magotini pake, wakamwomba radhi kwa yaliyo dhahiri na yaliyomo moyoni. Danang aliomba hadi akalia. Mama akamsugua kichwa kama alivyokuwa akimsugua mtoto.

Ikafika zamu ya Wening.

Alipiga hatua tatu. Alijua ni nini kingetokea akikunja goti na kuinama: angekwama, mbele ya watu kumi na tisa na bakuli za ketupat, wali wa Idi uliopikwa ndani ya majani, na wangembeba kama godoro. Akanyoosha mkono, akaushika mkono wa Bu Suharsih, akainamisha kichwa tu. Kichwa tu, mgongo wima kama mlingoti.

"Idi njema, Bu."

Mama alisubiri. Mikono yake ilibaki wazi juu ya mapaja, ikipokea hewa. Nyuma, shangazi mmoja akasema kwa sauti ya kunong'ona inayosikika hadi barabarani, "Kumbe mpambaji wa malkia naye ni malkia."

Danang alitazama saa. Treni ya saa nane, treni ya Idi, imejaa mpaka vyooni, haimngoji mtu. Wakaachana langoni, na pale langoni ndipo maneno yakatoka.

"Kama hukutaka, ungeniambia."

"Mas, ni mgongo. Umerudi. Tangu juzi."

"Mgongo uliopona kabisa?"

"Ndiyo."

"Dik, behewa zima lilisikia. Mama yangu aliniuliza mara mbili, nikamwambia kabisa. Sasa nieleze. Ulinidanganya lini, siku ile au leo?"

Wening alizipima siku hizo mbili. Siku ile alisema kweli. Leo anasema kweli. Kweli mbili zimesimama zinatazamana, na wala yeye hakujua ipi akae upande wake.

Wiki nzima Danang alikuwa njiani. Simu zilikuwa vipande vipande.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Mguu?"

"Upo."

"Niko Madiun, nitakupigia..." Asipige.

Wening alirudi kwa daktari. Nguvu za mguu zipo, akaambiwa, hakuna haja ya upasuaji, mazoezi yale yale, subira ile ile.

"Daktari, nisaidie. Mwezi uliopita nilikuwa nimepona au sikuwa nimepona?"

"Maumivu yalikuwa yamepona."

"Nijibu kama unayemjibu mama mkwe!"

Daktari alivua miwani, akafikiri kwa kweli. "Mwambie sijui," akasema. "Mwambie nimesoma miaka kumi na mbili, na sijui."

Siku ya tisa simu ililia wakati Wening anamchora bibi harusi. Sasa alifanya kazi kwa namna nyingine: amemkalisha bibi harusi juu ya meza, yeye kasimama wima. Akaibana simu kwa bega.

"Nimetoka kwa Mbah Giyem," Danang akasema bila salamu. "Nilikwenda kumgombeza."

"Umemgombeza bibi wa miaka themanini?"

"Nilijaribu. Nimemwambia, wewe ulisema amepona kabisa. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimeshiba. Akasema, 'Kesho ukiona njaa, utarudi kuniambia shibe ya leo ilikuwa uongo?'"

Wening aliuondoa mkono kwenye paji la bibi harusi. Wanja ulikuwa hewani.

"Kisha akanichua bega kwa nguvu, Dik, sidhani kama lilikuwa linauma. Sasa linauma."

"Stahili yako."

"Najua. Hukunidanganya siku ile, wala siku ya Idi. Nilikosea mimi, nisamehe."

"Mimi nilikuficha siku mbili," Wening akasema. "Kwa hizo siku mbili, nisamehe na wewe, Mas."

"Zimekwisha. Tuoane."

"Nikishapona."

"Na usipopona?"

"Hapo ndipo sielewi, Mas. Kila nikifika hapo nachanganyikiwa."

"Mimi pia sielewi. Nakagua tiketi za watu elfu kwa siku, na sijawahi kumuuliza abiria kama ana hakika atafika. Namuuliza kama anasafiri. Unasafiri?"

Bibi harusi, uso nusu umechorwa, alishindwa kuvumilia. "Dada, mjibu basi, nina harusi saa nne!"

"Nasafiri," Wening akasema.

Akabaki Bu Suharsih. Danang alikuwa ameshazungumza naye na kurudi na sharti moja: Wening aje, aombe radhi ya kusimama siku ya Idi, basi, shauri limekwisha. Si lazima apige goti. Aseme tu. "Mwezi huu kila mtu anaomba radhi, Dik," Danang alimwambia njiani. "Hata asiye na kosa. Ni neno tu."

Walimkuta mama jikoni, anachambua majani ya mihogo. Hakuinuka. Alimtazama Wening akisimama, jinsi alivyouhamishia uzito mguu wa kulia, na bila kusema kitu akasogeza kiti kirefu kwa mguu wake.

"Kaa hapo. Usije ukanikwamia jikoni."

Wening akakaa.

"Danang amenieleza. Mimi nakuuliza wewe. Utapona kabisa?"

"Sijui, Bu. Daktari naye hajui. Nilikuwa sina maumivu, sasa ninayo, na wiki hii yanapungua. Huenda yakaniacha mwaka mzima. Huenda nikapiga chafya."

"Mimi nimemgeuza mtu miaka tisa." Mikono ya mama ilisimama juu ya majani. "Unajua mtu mzima ana uzito gani alfajiri? Sitaki mwanangu ajue."

"Hata mimi sitaki ajue, Bu. Lakini siwezi kukuahidi. Naye hawezi kuniahidi kwamba sitamgeuza yeye."

Danang, mlangoni, alikuwa amekunja kofia yake ya reli mpaka haijulikani ni kofia.

"Mama," akasema, "ninamuoa. Akiwa amesimama, akiwa amelala, akiwa amekwama."

"Nimesikia, sikuzibwa masikio." Bu Suharsih akafuta mikono kwenye kanga ya jikoni, moja moja. "Harusi siizuii. Na siku hiyo, mbele ya watu mia tatu, utapiga goti?"

"Mgongo ukiniruhusu, nitapiga mpaka chini. Usiporuhusu, nitasimama."

"Na watu?"

"Watakuwa wamekula, Bu. Watanitazama huku wameshiba."

Kona ya mdomo wa mama ilicheza, akairudisha haraka. "Haya. Ya harusi ni ya harusi. Siku ya Idi uliniacha nimenyoosha mikono mbele ya ukoo wangu. Iliniuma, mwanangu. Niombe radhi ya hiyo, tule."

Danang alimtazama Wening kwa macho ya kubembeleza. Neno tu. Wening alilitafuta kwa uaminifu, akalizungusha kinywani. Tangu asubuhi ile ya sokoni hakuwa amejua jambo lolote kwa hakika: kama amepona, kama ataugua, kama alikuwa mkweli au mwongo. Sasa lilikuwepo moja alilolijua.

"Bu, nasikitika kwamba iliuma. Siku mbili nilizomficha Mas Danang nimemwomba radhi, akanisamehe. Na kesho nikikukosea, nitakuja hapa kukuomba radhi kabla hujaniita. Lakini siku ile sikukukosea. Niliumwa."

"Hata neno moja? Kwa ajili ya Idi?"

"Hata moja, Bu. Kwa mgongo wangu siombi radhi."